Nyumba Isiyolaza Maji

Kitu cha kwanza Baridi alichokiona alipoingia uani kwa mama mkwe wake mtarajiwa ni ndoo. Zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, kubwa kwa ndogo, na zote zilikuwa zimelazwa kifudifudi. Mabeseni nayo yalikuwa kifudifudi. Kopo la kuogea lilining'inia kwenye msumari, kavu kana kwamba halijaonja maji tangu litoke dukani. Hata kibakuli cha paka kilikuwa kimegeuzwa, na paka mwenyewe alikaa pembeni yake na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Usishangae," mchumba wake alimnong'oneza, akacheka kwa pua kama kawaida yake. "Mama hapendi maji yalale humu ndani. Tunafungua bomba, tunatumia, tunafunga. Nimeoga kwa kopo tangu nizaliwe, na nikimaliza lazima nilipindue."

"Kwa nini?"

"Anasema mbu."

Baridi alisimama pale uani na viatu mkononi, akasikiliza. Hakusikia kitu. Hakukuwa na mnong'ono wowote kutoka bafuni wala jikoni, na kimya kile kilimlegeza mabega mpaka akatamani kukaa chini palepale sakafuni alie kwa raha.

Tuambiane ukweli mapema, maana walioambiwa wakiwa wamechelewa hawakupata nafasi ya kulalamika. Huyu binti mwenye nywele ndefu na mikono isiyopata joto hakuwa binti wa mtu. Alikuwa nguva. Miguu alikuwa nayo, tena mizuri ya kugeuza shingo za watu barabarani, na kazi alikuwa nayo, ya kuosha nywele saluni. Alichowazidi wanawake wengine ni kiu. Wanaume waliompigia miluzi walikuwa salama salimini. Angeweza kuwaosha vichwa kutwa bila kidole kutetemeka. Kiu yake ilimtafuta mtu mmoja tu kila mara, naye ni yule aliyempenda. Akishampenda mtu, maji yoyote yaliyosimama karibu nao yalianza kumwita, na hayakunyamaza mpaka uso wa mpenzi wake uwe ndani yake, umetulia. Baadaye alilia, machozi ya kweli kabisa, kisha akahama mji.

Sasa alikuwa amempenda fundi wa lifti.

Rafiki zake walimwita Ghorofa, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya urefu. Lifti ya jengo lenye saluni ilikwama siku moja, akaja kuitengeneza, akamwona Baridi kupitia mlango wa kioo. Kuanzia siku hiyo lifti ile ikawa inaharibika kila wiki. Uongo wa lifti ulipomwishia, aliingia saluni moja kwa moja akaomba kuoshwa nywele, na kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kinang'aa kama kiazi kilichomenywa.

"Tukuoshe nini, kaka?" mwenye saluni alimuuliza.

"Mnachokiona hichohicho."

Akalala kwenye kiti, kichwa nyuma kwenye sinki, koo juu, macho yamefumbwa kama mtoto aliyeshiba. Baridi akamwosha kichwa kisicho na unywele hata mmoja, polepole, na alipogundua kwamba anampenda, alichomoa kizibo cha sinki na kukitupa dirishani. Mwenye saluni alikitafuta kizibo kile mpaka leo hajakiona. Hiyo ndiyo barua ya mapenzi aliyoweza kumwandikia mtu.

"Nina zawadi yako," Ghorofa alisema sasa, akipapasa mfuko wa suruali. "Lakini mpaka mama amalize kukupima. Ukitoka, nakuonyesha."

"Nionyeshe sasa."

"Sionyeshi. Na usinitazame hivyo, nitalainika."

Akamtazama hivyohivyo. Fundi akajifanya anamtazama paka.

Mlango ulifunguliwa na shangazi yake, dada wa marehemu baba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alimshika Baridi mikono yote miwili akaiachia haraka.

"Mama yangu! Mikono gani hii, umetoka kwenye friji? Ingia, ingia. Viatu vaa au vua, hapa si hospitali. Wifi! Njoo umwone! Huyu ukimkataa kama wale wengine, namwoa mimi!"

Mama alikuwa amewakataa wengine kweli. Mmoja alikuwa anatafuna kwa kelele, mwingine alikuwa anatazama simu huku anasalimia, wa mwisho hakuonekana na kosa lolote, na hilo lenyewe lilimtia mama wasiwasi. Ndiyo maana huyu alifichwa mpaka mambo yakawa ya kupima gauni. Mama alitokea sasa kwenye mlango wa chumba cha kushonea, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuwa mwembamba, na kwenye dole gumba alikuwa na kovu jeusi ambapo sindano ya cherehani iliwahi kupita ikatokea upande wa pili.

Baridi alilitazama kovu lile. Kitu kikamgusa kwa mbali, kama mtu anayekuita kwenye umati, kisha kikapotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia tukupime." Akamgeukia mwanawe. "Wewe nenda katazame feni ya chumbani kwangu, inalia. Bwana harusi haangalii watu wakipimwa."

"Na hiki kitambaa, wifi?" shangazi akauliza. Kilikuwa juu ya meza, cheupe, kizito, bado kina mikunjo ya dukani. "Kitalowekwa lini? Ukikikata hivi, atafua mara moja tu gauni lifike magotini."

"Jioni nitakipeleka kwa jirani, kama siku zote."

"Kwa jirani! Mtu ana bomba lake, anabeba kitambaa cha harusi kama mkimbizi kwenda kuloweka kwa jirani!"

"Kwa jirani," mama akarudia, na mlango ukafungwa.

Chumba kilikuwa na cherehani, kiti, kioo kirefu na vipande vya nguo vilivyofagiliwa kona moja. Mama hakutazama uso wa mgeni. Alianza kwenye mgongo, akashuka kiunoni, akazunguka. Alikuwa na haraka ya watu wanaoijua kazi, na vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi. Kisha futi ilifika mabegani ikasimama.

Ilisimama muda mrefu.

"Bega lako la kushoto limeshuka," mama alisema.

"Nimezaliwa nalo hivyo, mama."

"Najua."

Baridi aliinua macho kwenye kioo. Mama alikuwa nyuma yake, ameinama, amefumba macho. Alikuwa anapima kwa viganja sasa, bila futi, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Sura za watu huwa sizishiki," mama aliendelea kwa sauti ya chini. "Mteja nakutana naye sokoni ananisalimia, mimi sijui ni nani mpaka ageuke aondoke. Akishageuka namjua. Mwili nikishaupima mara moja hautoki mikononi. Bega hili nililipima mwanangu hajaota hata meno. Nikamwachia mteja nafasi kwenye mishono, maana wanawake tunabadilika. Tunazaa, tunanenepa, tunakauka. Leo naona nilijisumbua bure. Hujabadilika hata uzi mmoja."

"Mama, labda umenifananisha."

"Alitaka kola ndefu. Na hakutaka nimguse shingo."

Kabla Baridi hajasogea, mama alikuwa ameshainua nywele. Nyuma ya masikio, pande zote mbili, kulikuwa na mikato myembamba iliyofunga vizuri, imepangwa safi kama vitundu vya vifungo. Mmoja ulifunguka kidogo, ukavuta hewa, ukafunga.

Mama aliachia nywele taratibu sana.

"Alikuja naye mume wangu," alisema. "Akaniambia ni mke wa bosi wake. Nikamshonea vizuri, mjinga mimi, nikamsifia kiuno. Kabla hata hajaja kuchukua gauni lake nikamkuta mume wangu uani. Amepiga magoti, uso kwenye beseni la kufulia. Maji yenyewe hayakunifika hata kwenye kiwiko. Unajua watu walisema nini msibani? Mwanamume mzima, kazama kwenye beseni! Wengine walicheka. Niliwasikia wakicheka, mtoto nimembeba mgongoni."

Kovu, vidole vikavu, cherehani. Sasa Baridi alikumbuka vyote, na kilichomuumiza kilikuwa kingine kabisa.

"Alikuwa anacheka kwa pua," alisema.

Mama alishika ukingo wa meza.

"Ndiyo," alijibu. "Alikuwa anacheka kwa pua."

Walitazamana kwenye kioo. Ni wao wawili tu duniani waliokipenda kicheko kile namna ile, na hilo lilimchukiza mama kuliko mikato ya shingoni. Aliichukua mikasi mikubwa ya kukatia.

"Ulimchukia kwa lipi mume wangu?"

"Sikumchukia. Nilimpenda."

"Usinitusi ndani ya nyumba yangu!"

"Mama, nisiowapenda siwagusi. Wanazeeka vizuri tu, wana wajukuu." Baridi aliitazama mikasi kwenye kioo. "Ni ninaowapenda. Nikishapenda, maji yananiita. Sichagui. Ungejua nilivyojaribu kuyakataa."

"Na mwanangu?"

Baridi aligeuza uso akatazama mlango.

"Nakuuliza. Sema humpendi. Sijawahi kumwombea mtoto wangu asipendwe, lakini leo naomba. Nitazame machoni useme humpendi, utoke hapa, nami sitakutafuta."

"Nimejaribu kulisema njia nzima nikija hapa. Halitoki." Akageuka, akapiga magoti mbele ya mikasi. "Mama, nisikilize kisha unifanye utakavyo. Tangu nimpende mwanao sijalala. Nikiwa saluni nasikia sinki. Nikipita barabarani nasikia madimbwi. Nikiwa naye nahesabu glasi mezani. Leo nimeingia kwako, nikasimama pale uani, na kumekuwa kimya. Sijawahi kupata kimya hicho maisha yangu yote, na maisha yangu ni marefu. Hapa nimemtazama nikamwona yeye tu. Niache niishi hapa. Nitaoga kwa kopo, nitalipindua. Nikilala nifungie mlango kwa nje. Nisaidie nimpende bila kumuua."

Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani. Mikasi ilikuwa mapajani. Kutoka chumba cha pili walisikia Ghorofa akiimba vibaya huku anagonga feni, na nje shangazi aliaga kwa kelele kwamba anakwenda dukani kununua soda.

"Amepoteza usingizi kwa ajili yako," mama alisema. "Anaimba mpaka kwenye choo. Mtoto huyu alikuwa haimbi." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikikufukuza atakufuata. Namjua, ni baba yake mtupu. Atakufuata mpaka huko kwenye mito na mabwawa, nami sitakuwepo kupindua ndoo."

"Atanifuata, mama."

"Saluni utaacha."

"Leo hii."

"Mvua ikinyesha hutoki. Na ukisikia sauti, hata ndogo, unaniambia mimi kwanza, hata kama nimelala, hata kama ninasali."

"Wewe kwanza."

"Siwezi kukusamehe. Usije ukafikiri nimekusamehe."

"Sijaomba hicho."

Mama aliiweka mikasi mezani. Akamshika Baridi kiwiko, mkono ule baridi, akamwinua, akaanza kumpima upya pale alipoishia. Kwa dakika chache chumba kile kilikuwa na fundi wa nguo na bibi harusi tu, na Baridi alijiona amevaa gauni, mtu mwenye nyumba, mtu mwenye mama. Alitabasamu.

Ndipo aliposikia.

Ilikuwa sauti ndogo, tamu, ya kumnong'oneza jina lake la zamani ambalo hakuna aliyelijua. Ilitoka ukumbini na ilikuwa inasogea.

"Mama," alisema. "Mama, nasikia."

"Unasikia nini? Humu hamna..."

Mlango ulisukumwa kwa goti. Ghorofa aliingia kinyumenyume, kisha akageuka, amekumbatia beseni kubwa la bluu lililojaa mpaka ukingoni, shati limelowa kifuani, anacheka.

"Samahanini, sitazami! Shangazi ameshaloweka kitambaa, alikificha bafuni eti mama asione, bomba likitiririka mpaka nilipolifunga sasa hivi. Amesema kwa jirani ni mbali na hana miguu ya kuazima." Akalitua beseni sakafuni, miguuni kwa Baridi. Maji yakacheza, yakatulia. "Sasa kimelowa, ni kizito balaa, mtu mmoja hawezi kukikamua. Mchumba, shika upande huu tukamue."

Akapiga magoti. Akainama juu ya beseni, kichwa chake kinachong'aa kikiwa chini ya mikono ya Baridi, mahali palepale kilipokuwa siku ile saluni.

Mikono ya Baridi iliinuka yenyewe. Haikuwa na haraka. Ilimgusa Ghorofa kisogoni, kwa mapenzi, na yeye akafumba macho kidogo kwa raha.

"Baridi yangu," alisema.

Mama alilipiga beseni teke.

Liligonga ukuta likapinduka, kitambaa cheupe kikaburuzika kwenye vumbi na nyuzi, maji yakaenea sakafu nzima yakapotelea chini ya mlango. Baridi alirudi nyuma mpaka kwenye kioo akihema. Kimya kilirudi. Alimtazama mama kwa shukrani.

Ghorofa alikuwa bado amepiga magoti, akitazama kitambaa cha harusi yake kikiwa tope.

"Mama," alisema polepole. "Umefanya nini?"

"Mwanangu, ondoka hapo karibu naye."

"Nimekuuliza umefanya nini! Wale wote umewakataa nikanyamaza. Huyu nimekuletea, amekupa shikamoo, amekupigia magoti, namwona magoti yake yana vumbi la sakafu yako! Ulimpigisha magoti, mama?"

"Alipiga mwenyewe. Nisikilize! Huyu ndiye aliyemuua baba yako."

Ghorofa alimkazia mama yake macho. Kisha akacheka kwa pua, lakini kicheko hakikuwa na furaha.

"Baba amekufa mimi sijaota meno. Huyu alikuwa na umri gani? Alimuua akiwa anatambaa?"

"Mtazame shingoni!"

"Ni kweli," Baridi alisema. "Ghorofa, ni kweli. Nilimuua mimi. Sikiliza mama yako. Kaa mbali na mimi."

Alilisema kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na lilikuwa tendo jema kuliko yote aliyowahi kumfanyia mtu. Ghorofa alimtazama, macho yakamjaa huruma mpaka yakang'aa.

"Unaona?" alimwambia mama yake. "Unaona ulivyomtisha? Sasa anakubali kila unachosema. Ungemwambia kaiba mwezi angekubali pia." Akasimama, akamshika Baridi mkono. "Twende."

"Hapana. Tukae hapahapa, kwa mama. Nakuomba. Mimi nataka kukaa hapa."

"Udhalilishwe kila siku? Sikubali."

"Sitoki, mpenzi wangu. Nimesema sitoki."

"Mwanangu!" mama alilia, akamshika shati. "Mwache akae! Nimempokea, nimeshampokea, muulize mwenyewe. Mtakaa hapa wote wawili, nitawapa chumba changu, mimi nitalala sebuleni..."

"Dakika moja iliyopita ni muuaji, sasa unampa chumba chako?" Alivifungua vidole vya mama yake kimoja kimoja, bila kumuumiza. "Mama, nakupenda, lakini nimechoka kuishi kwenye nyumba ya ndoo zilizopinduliwa."

Akamvuta Baridi ukumbini, uani, mbele ya paka. Kwenye geti alisimama, akavuta pumzi, na akajilazimisha kutabasamu ili asimharibie siku. Alichomoa mfukoni funguo mbili mpya zilizofungwa kwa utepe mwekundu.

"Nilitaka nikupe kwa furaha," alisema. "Pokea hivyohivyo. Nimetupatia nyumba, mtaa wa tatu tu kutoka hapa. Chumba, sebule, na bafu. Baridi, lina hodhi la kuogea, lile la kulala mtu ndani! Nimeoga kwa kopo maisha yangu yote. Asubuhi nilishindwa kujizuia, nikalijaza, nikaliacha limejaa ili ukifika ulikute linakusubiri."

Nyuma yao mama alikuwa anakuja mbio bila viatu, akiita, na futi yake imeanguka njiani.

Baridi alifumba macho. Sasa alilisikia hodhi likimwita, mbali, tulivu, lenye kina. Alijaribu kuvuta mkono wake utoke kwenye mkono wa mpenzi wake, akavuta tena, kisha akaacha kuvuta.

"Ni refu?" aliuliza.

"Mtu mzima ananyooka, hata mimi na miguu yangu yote."

Baridi akamminya vidole. Kisha akaanza kutembea mbele yake, haraka, akikata kona ya kwanza na ya pili, ingawa hakuna aliyekuwa amemwelekeza njia.